Safu ya Tisa

Saa 2:05 asubuhi. Shutari ya duka la matairi ilikuwa imeshushwa hadi usawa wa goti. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza moja, viti vitatu na watu wanne. Mwenye duka ndiye aliyesimama.

Walimwita Patasi. Mfupi, mikono mizito, sauti ya chini. Alikuwa amechora ramani ya bohari kwa chaki juu ya meza: ukuta, milango sita ya kupakia, kibanda cha mlinzi.

"Narudia mara ya mwisho," alisema. "Mwenye haja ndogo aende sasa."

Alicheka Breki peke yake. Breki alikuwa dereva na alicheka kila kitu. Mwanamke aliyekaa pembeni yake, Bi Mihuri, alikuwa anashona kitambulisho bandia kwenye mfuko wa shati la kazi. Hakuinua macho.

"Saa nne na nusu faili linafungwa," Patasi alisema. "Saa nne na dakika arobaini karatasi ya mlango iko kibandani. Breki unaingia mlango wa nne, Bi Mihuri pembeni yako. Maboksi kumi na mawili. Unatoka kabla ya saa tano. Saa sita na robo unapakua kule kwenye karakana, unamkabidhi mnunuzi mwenyewe. Baada ya hapo hatujuani."

"Na mlinzi akiniuliza mbona sura mpya?"

"Hatakuuliza. Mweleze, shemeji."

Shemeji alikuwa mtu wa nne. Alikuwa mume wa dada yake Patasi, na kwa miaka saba alikuwa karani wa takwimu katika bohari hilohilo. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Aliandika kwamba anaumwa jino.

"Walinzi wa pale hawaamini uso," Karani alisema. "Wanaamini karatasi. Karatasi inatoka kwenye faili. Faili likisema gari hili, ni gari hili."

"Na faili linasema nini leo?" Breki aliuliza.

"Linasema wewe."

Bohari lilichanganya dawa za saratani. Kila asubuhi mifuko ya dripu ilitayarishwa, kila mfuko kwa mgonjwa mmoja, kwa kipimo chake. Pia lilihifadhi dawa ambazo hazijachanganywa, kwenye chupa ndogo, na hizo ndizo zilizokuwa ndani ya maboksi kumi na mawili. Yote yaliandikwa katika lahajedwali moja, faili la siku. Ndani ya faili kulikuwa na makro: amri alizoziandika Karani mwenyewe zamani, zilizojiendesha bila kuguswa. Kila siku ilipofika saa nne na nusu, makro zilipanga kazi ya milango, zikachapa karatasi za magari na lebo za mifuko.

Karani alikuwa ameongeza mistari kumi na moja ya amri. Mstari wa maboksi ungenyanyuliwa kutoka chini ya orodha hadi juu, ukapewa namba ya gari la Breki. Gari likishatoka, amri zingejifuta zenyewe na kurudisha namba ya zamani.

"Umeijaribu?" Bi Mihuri aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Mara arobaini."

"Kwenye faili lenyewe?"

"Kwenye nakala ya wiki iliyopita. Lenyewe lisingewezekana, lingeacha alama."

Bi Mihuri alikata uzi kwa meno. "Mimi mhuri naujaribu kwenye karatasi ileile," alisema. "Lakini mimi sikusoma."

Patasi alimpiga Karani bega. "Huyu kichwa kinachemka, msimtie wasiwasi."

Karani alitabasamu. Katika miaka saba hakuna mtu kazini aliyewahi kumuuliza faili linafanyaje kazi. Patasi aliuliza. Aliuliza jioni tatu mfululizo, sebuleni, kwa subira, akitikisa kichwa kila alipoelewa. Baadaye, alipotakiwa kueleza kwa nini alikubali, Karani angetaja hilo kwanza.

Saa 4:30. Kompyuta ya Karani ilikuwa juu ya meza, juu ya ramani ya chaki. Alikuwa ameacha njia ya kuingia kwenye mtandao wa bohari kutoka nje. Mstari wa maboksi ulipanda juu. Mistari mingine ilishuka hatua moja.

"Tayari?" Patasi aliuliza.

"Imechapa."

Saa 4:43. Breki alipiga simu. "Nimo ndani. Mlinzi ananiambia nisogeze gari, eti nimekanyaga mstari wa njano."

"Sogeza."

"Nasogeza. Bi Mihuri kamwambia hata mumewe huwa haegeshi vizuri. Wanacheka."

Saa 4:56. Gari jeupe lenye friji lilipita kizuizi. Mlinzi aligonga mhuri kwenye karatasi na kupunga mkono. Breki alituma ujumbe wa neno moja: *Barabarani*.

Patasi alikaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alifuta jasho kwa kitambaa cha kufutia rimu, akabaki na doa jeusi kwenye paji la uso.

"Shemeji," alisema, "wewe ni mtu."

Karani alikuwa anatazama kompyuta. Ilikuwa saa 4:58 na amri zilitakiwa kuwa zimejifuta. Badala yake kilitokea kisanduku chenye onyo: faili limeharibika, sehemu ya yaliyomo haisomeki, je, likarabatiwe?

"Nini?"

"Kuna mtu alikuwa amelifungua. Amri zilipoanza kujifuta, faili likahifadhiwa nusu."

"Ubaya wake?"

"Halifunguki sawasawa. Na amri bado zimo."

Patasi alifikiri. "Faili likiharibika, nani atajua gari lipi lilitoka na nini?"

"Hakuna. Si upesi."

"Basi neema hiyo. Liache lilivyo."

Karani alitaka kujua lilikatikia wapi. Ilikuwa desturi yake, hakuwahi kuacha kosa bila kuliona. Kila saa nne na nusu faili liliacha nakala mbili kwenye folda ya akiba, moja ya dakika moja kabla ya makro na nyingine baada yake. Alishika kitufe cha Shift na kuifungua ya pili. Ukishikilia kitufe hicho, makro hazijiendeshi.

Saa 5:06. Aliona safu ya Uzito.

Haikuwapo kwenye nakala ya wiki iliyopita. Mfamasia mkuu alikuwa ameiongeza Jumatatu, baada ya Kipimo, ili uzito wa kila mgonjwa uonekane. Orodha iliyokuwa na safu nane sasa ilikuwa na tisa. Safu ya mwisho, yenye jina la mgonjwa na wodi yake, ilikuwa imesukumwa kutoka nafasi ya nane hadi ya tisa.

Makro za zamani zilitafuta zenyewe mwisho wa jedwali. Mistari kumi na moja ya Karani haikutafuta. Ilisema: safu ya kwanza hadi ya nane.

Namba za mifuko zilikuwa zimeshuka hatua moja, na dawa, na vipimo, na uzito. Majina yalibaki palepale. Kila mfuko ulikuwa umepewa jina la jirani yake.

Mifuko ilikuwa thelathini na moja. Karani alipitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Mstari wa kumi na saba jina lilianza na neno *Mtoto*. Pembeni, kwenye Uzito, paliandikwa kilo 81.

"Mungu wangu," alisema.

"Nini tena?"

"Lebo ni mbovu. Zote."

Alimweleza kwa sentensi nne. Patasi alisikiliza kwa subira ileile ya sebuleni. Mwishoni aliuliza, "Watagundua lini?"

"Hawagundui. Vipimo vinakaguliwa saa tatu, kabla ya makro. Baada ya hapo mfamasia analinganisha lebo na faili. Lebo imetoka kwenye faili hilohilo, lazima zilingane. Wodi hazipewi kipimo kwenye lebo, zinapewa jina na namba. Zinaamini bohari."

"Na mifuko inaondoka saa ngapi?"

"Saa sita kamili."

Simu ya Karani iliita. Jina lililotokea lilikuwa la mfamasia mkuu. Patasi alitoa bastola kiunoni na kuiweka mezani, taratibu, kama mtu anayetua funguo. Aliwasha kipaza sauti cha simu.

Saa 5:11.

"Mdogo wangu, samahani sana," mfamasia alisema. "Najua unaumwa. Jino linaendeleaje?"

"Linaendelea, dada."

"Sukutua maji ya chumvi. Sasa sikiliza, faili linatusumbua. Linaniambia limeharibika, nalikarabati, linafunguka, halafu mistari inahama. Nimelifungua mara tatu. Kila nikilifungua linahama tena!"

"Usilifungue tena."

Patasi alitikisa kichwa. Kwa kidole alizungusha duara hewani: mwache aendelee.

"Nisilifungue, nitafanyaje kazi? Bahati nzuri lebo zilishachapwa kabla halijaharibika. Nimebandika zote. Nimelinganisha na ile karatasi ya saa nne na nusu, ziko sawasawa."

"Mifuko iko wapi?"

"Thelathini iko kwenye majokofu, inangoja gari. Mmoja umeshaondoka kwa pikipiki, wodi ya watoto walituhimiza. Dripu wanaianza saa tano na nusu."

Patasi alizima maikrofoni ya simu, mfamasia asisikie. Chumba kilinuka mpira na gundi ya viraka.

"Nipe saa moja," alisema. "Saa sita na robo mzigo unabadilishwa. Baada ya hapo mpigie hata rais."

"Wanaanza saa tano na nusu, shemeji. Umesikia."

"Nimesikia. Ukimwambia unajua lebo ni mbovu, atakuuliza umejuaje na wewe uko kitandani na jino. Dakika tano, wanalitafuta gari. Breki ana watoto wawili. Dada yangu je? Umemfikiria dada yangu?"

"Halo?" simu ilisema. "Mdogo wangu, upo?"

Karani aliwasha maikrofoni. Ilikuwa saa 5:14. Alikuwa na sentensi nzima kinywani. Aliitazama bastola, akamtazama shemeji yake, akatoa nusu.

"Dada, nadhani… faili likiharibika hivyo, huenda na lebo zina kasoro. Zuia mifuko kwanza. Na wodi ya watoto waambie wasubiri."

"Kasoro gani? Nimekwambia nimelinganisha."

"Kwa tahadhari tu."

"Kwa tahadhari. Ngoja nimuulize bosi. Lakini akiniuliza sababu, nitamwambia nini?"

"Mwambie ni tahadhari."

Simu ilikatika. Patasi alivuta pumzi. "Umeona? Umefanya lako. Sasa imo mikononi mwao."

Karani alikaa. Alijua bosi ni mtu wa namna gani. Kwa mtu yule karatasi mbili zinazolingana zilikuwa ukweli, na tahadhari isiyo na sababu ilikuwa uvivu. Alijua hivyo saa 5:14 na alijua hivyo saa 5:20. Hakuinua simu. Patasi alikuwa amesimama tena, akihesabu matairi ukutani bila kutoa sauti, midomo tu ikicheza.

Saa 5:24. Breki alituma ujumbe: *Foleni mzunguko wa pili. Bi Mihuri anataka kushuka.*

"Ashuke aende wapi?" Patasi alifoka. Alimpigia. "Mwambie akae. Mwambie… Breki? Ameshashuka?"

"Kashuka," Breki alisema. Safari hii hakucheka. "Kasema kuna kitu hakijakaa sawa. Kaniachia shati la kazi kwenye kiti. Huko kwenu kuna nini, bosi?"

"Hakuna kitu. Endesha."

Saa 5:33. Mfamasia alipiga tena.

"Bosi amekataa," alisema. "Anasema lebo na karatasi zinalingana, na gari limewahi, anataka liondoke sasa hivi. Nimepiga kukuaga tu, ukalale. Kesho tutatazama—"

"Dada, usiruhusu lile gari."

"Mdogo wangu, nimeshakwambia—"

"Majina yameteleza mstari mmoja. Safu ya tisa haikuhama na zile nyingine. Mimi ndiye niliyeandika amri hizo. Niliziandika ili maboksi kumi na mawili yaibwe. Gari jeupe, mlango wa nne, limetoka saa tano kasoro dakika nne. Mfuko uliokwenda wodi ya watoto ni wa mtu wa kilo themanini na moja. Wapigie sasa hivi. Usikate simu hii, tumia ya mezani."

Upande wa pili kiti kilianguka, zikafuata hatua za mtu anayekimbia.

Patasi alikuwa ameshaichukua bastola.

"Shemeji," alisema. "Shemeji! Umetumaliza."

"Ndiyo."

"Nilikuachia sekunde zote hizo. Nilijua hutasema. Nilimwambia dada yangu, huyu mumeo ana akili, hana moyo, lakini angalau ana akili."

Karani aliivuta kompyuta karibu. Alikuwa anatafuta nakala ya saa 4:29. Patasi alielekeza bastola kwenye kompyuta na kufyatua.

Kioo kilipasuka. Risasi ilipita kwenye kompyuta, ikapita kwenye ubao wa meza, ikaingia katika paja la kushoto la Karani. Wote wawili walitazama suruali ikibadilika rangi.

"Sikukusudia wewe," Patasi alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kwa mara ya kwanza. "Nilipiga mashine. Umeona mwenyewe nilipiga mashine."

"Nimeona."

Patasi alichukua kitambaa chake cha rimu, akakifunga juu ya jeraha, akakaza kwa nguvu hadi Karani akauma mkono wake mwenyewe. Kisha aliinama chini ya shutari na kutoka. Ilikuwa saa 5:37. Simu aliiacha mezani, ikiwa bado hewani.

Saa 5:39. "Upo?" Sauti ya mfamasia ilikuwa imebadilika. Hapakuwa tena na mdogo wangu.

"Nipo. Wodi?"

"Simu yao inatumika. Nimemtuma mtu na pikipiki, na msaidizi wangu anapiga tena. Gari nimelizuia, nilisimama mbele yake mwenyewe. Nifanye nini na faili?"

"Lile lililoharibika usiliguse. Fungua folda ya akiba. Kuna nakala ya saa nne na dakika ishirini na tisa."

"Nimeiona."

"Shika Shift kabla ya kubofya. Usiiachie mpaka lifunguke lote. Ukiachia, amri zitajiendesha na hili nalo litavurugika."

"Nimeshika." Pumzi. "Limefunguka."

"Tazama mstari wa mtoto. Uzito?"

"Kumi na saba."

"Ndiyo hiyo. Fungua faili jipya, tupu. Nakili safu zote tisa, bandika maandishi peke yake, amri zisiingie. Hifadhi kama faili lisilobeba makro. Chapa lebo kutoka huko. Kisha rudi kwenye kabati, toa fomu za madaktari, linganisha kila mfuko na fomu. Usiamini faili. Hata hili."

"Hata wewe sikuamini," alisema. "Endelea."

Aliendelea. Kwa kila hatua alimpa sababu yake, na mfamasia alirudia maneno yake kwa sauti, pole, huku mtu mwingine akiyaandika. Damu ilifika kwenye soksi. Wakati fulani ilisikika sauti ya msichana nyuma ya mfamasia, ikisema kwa haraka: wamepokea, wamepokea. Kisha mkono uliziba simu.

Saa 5:49. Gari jeupe lilisimamishwa kwenye mzunguko wa pili, katika foleni ileile. Breki alitoka mikono juu. Maboksi yote kumi na mawili yalikuwamo. Bi Mihuri hakuonekana.

Saa 5:58. Polisi, walioelekezwa na Breki, walipandisha shutari ya duka la matairi. Walimkuta mtu mmoja, ameketi, mguu ukiwa juu ya tairi, simu sikioni. Alikuwa anarudia, baada ya mfamasia, namba ya mfuko wa ishirini na nane. Aliomba aachwe amalize miwili iliyobaki. Ofisa aliyeongoza, mwanamama mwenye miwani, alimtazama, akaitazama kompyuta, akaitikia kwa kichwa. Askari mwingine aliita gari la wagonjwa.

"Mifuko thelathini imethibitishwa," mfamasia alisema. "Kwa fomu."

"Na ule mmoja?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Walianza saa tano na nusu kamili," alisema. "Muuguzi alifunga mrija saa tano na dakika arobaini na moja. Zimeingia mililita thelathini na sita. Daktari yuko naye. Mtoto yuko macho." Kisha akakata simu.

Karani aliilaza simu mezani, kwenye vumbi la chaki na vipande vya kioo.

Ofisa alivuta kiti. Alifungua daftari. "Mwenzako amekwenda wapi?"

"Sijui. Ametoka saa tano na dakika thelathini na saba."

"Na wewe ulimwambia mfamasia saa ngapi?"

"Thelathini na tatu."

Aliandika.

"Andika na kumi na nne," Karani alisema.

"Kumi na nne kulikuwa na nini?"

"Alinipigia. Dripu ilikuwa bado haijaanza. Nilijua kila kitu, na nikamwambia ni tahadhari."

Ofisa alimtazama juu ya miwani. Nje, gari la wagonjwa lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia uani, mtu akiligongea bodi. Ofisa aliinamisha kichwa, akaandika: saa 5:14, alijua.

Ilikuwa saa 6:07 mchana.